Majengo ya Posta Hayamngojei Mtalii

Kila unapozuka mjadala kuhusu majengo ya kale ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, hoja inayoshangiliwa ni ileile. Mtetezi husimama kwenye semina, akaonyesha picha ya Kanisa la Azania Front na paa lake la vigae vyekundu, akasema hiki ni kivutio cha utalii, kitatuletea fedha za kigeni, kwa hiyo tukitunze. Makofi. Mgeni rasmi anaahidi kulifanyia kazi. Akitokea mbishi, hana jipya ila kusema hayo ni masalia ya mkoloni, yavunjwe tujenge maghorofa. Watu wanarushiana maneno hadi chai inaletwa, na kila upande unaondoka ukiamini umepigania jambo kubwa.

Mimi sioni ugomvi hapo. Pande zote mbili zimekubaliana katika jambo la msingi, kwamba majengo yale yana mwenyewe na mwenyewe si sisi. Mmoja anampa Mjerumani aliyeondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwingine anampa mgeni atakayeshuka kesho uwanja wa ndege na kofia yake pana. Mkazi wa jiji hili, mmoja kati ya watu zaidi ya milioni 5 waliohesabiwa kwenye sensa ya mwaka 2022, ambaye kila siku hupita mbele ya kuta hizo akiwahi daladala, hatajwi popote. Ninayetaka kupambana naye leo ni huyu mtetezi wa utalii. Anayapenda majengo haya kwa dhati, na hoja yake ndiyo inayoyaua.

Tuanze na hesabu, maana yeye ndiye aliyeleta fedha mezani. Mtalii anakuja Tanzania kuona nini? Serengeti, Ngorongoro, Mlima Kilimanjaro, fukwe za Zanzibar. Anayekwenda kaskazini anaweza kushukia Kilimanjaro, akamaliza safari yake na kurudi kwao bila kuiona Dar es Salaam hata kwa mbali. Wa Zanzibar huiona kupitia dirisha la teksi kati ya uwanja wa ndege na Feri, jicho moja likiwa kwenye saa asije akaachwa na boti. Wanaobaki huzunguka mjini asubuhi moja: Sanamu ya Askari, Makumbusho ya Taifa, kanisa, picha, dafu, basi. Sasa chukua fedha anazoacha mtu huyo uziweke upande mmoja. Upande wa pili weka kiwanja kimoja cha Mtaa wa Samora pamoja na ghorofa 20 za ofisi na maduka zinazoweza kusimama juu yake. Mwenye kiwanja hahitaji shahada ya uchumi. Ukishakubali kwamba thamani ya jengo ni fedha linazoingiza, umempa dalali haki ya kukuuliza linaingiza ngapi, na jibu mnalijua nyote wawili.

Anayedhani kasoro ni Dar es Salaam kukosa matangazo, na avuke bahari. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Wageni hupishana vichochoroni mabega yakigusana. Jengo lake mashuhuri kuliko yote ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na sura yake imo kwenye kadi, fulana na vitabu vya wageni. Jengo hilo lilifungwa kwa ubovu kwa miaka kadhaa, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake kubwa ikaporomoka na kuua watu wawili. Kama macho ya watalii yangekuwa dawa ya kuta za chokaa, Beit al-Ajaib ingekuwa nyumba ya mwisho kuanguka Afrika Mashariki.

Majengo gani basi yamesimama vizuri pale Posta, katikati ya Dar es Salaam? Azania Front, iliyojengwa kati ya 1898 na 1902, imesimama. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa 1897 na kukamilika 1902, limesimama. Yote mawili yana waumini wanaojaa kila Jumapili, na paa likianza kuvuja sadaka inachangwa, fundi anaitwa. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, imesimama pia. Wajerumani waliijenga kwa ajili ya Wazungu. Wengine walikuwa na Hospitali ya Sewa Haji, iliyotokana na mali ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, ambaye jina lake linaishi hadi leo kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Leo Ocean Road ni taasisi ya saratani. Anayepita kwenye lango lake akiwa na bahasha ya vipimo ni mama kutoka Songea au mzee kutoka Kigoma, na hao ndio wenye jengo. Mtalii hupiga picha ile minara kutoka barabarani akaenda zake. Ninachokiona hapo ni kwamba jengo hudumu likiwa na watu ndani yake, watu ambao likianguka litawaangukia wao.

Ubaya wa pili wa hoja ya utalii ni hadithi inayozalisha. Mgeni hana muda, kwa hiyo anapewa hadithi fupi, na iliyo fupi kuliko zote ni kwamba Mjerumani alijenga. Matokeo yake hata sisi wenyewe tumeishika. Simama pale Barabara ya Sokoine, mkabala na boti za Zanzibar, uwaulize wapita njia Boma la Kale ni la nani. Wengi watakuapia ni la Mjerumani. Boma hilo lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, enzi ya Sultani Majid bin Said, liwe mahali pa kufikia wageni wake. Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891 na kulikuta limekwisha simama miaka zaidi ya ishirini. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, mlango wake ni wa nakshi, na namna ya ujenzi wake ni ileile ya Lamu na Unguja, ambako upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko.

Ikulu nayo imeangukia kwenye hadithi hiyo hiyo. Kasri la gavana wa Kijerumani lilipigwa mizinga na manowari za Uingereza mwaka 1914, na hii tunayoijua ilijengwa upya na Waingereza mwaka 1922 kwa ramani ya John Sinclair, aliyekuwa amefanya kazi Zanzibar na kurudi na mapenzi makubwa ya matao ya Kiarabu. Yaani makazi ya mtawala wa Kiingereza, yaliyosimama juu ya misingi ya Mjerumani, yakavalishwa sura ya nyumba za Waarabu wa Unguja. Jengo moja limebeba karne nzima ya watu kunyang'anyana pwani hii na kuigana. Hilo halisimuliki katika dakika tano za mwongoza wageni anayekimbizana na basi, wala simlaumu. Kazi aliyopewa ni fupi.

Angalia pia tunavyoisimulia Sanamu ya Askari. Mgeni huambiwa ni kumbukumbu ya Vita ya Kwanza ya Dunia, iliyozinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Sawa. Haambiwi sana kwamba kabla yake jiji lilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyetumwa kuzima upinzani wa pwani na ambaye katika vita yake Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Baadaye ikapelekwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha miaka ya 1960. Mimi silii hata chozi moja kwa ajili ya Wissmann. Sanamu ya mtu aliyewekwa juu ili asifiwe inaweza kushushwa, na wanaotaka kushusha nyingine kama hiyo nitawashikia kamba. Nyumba ni jambo jingine. Nyumba haisifu mtu. Inabaki ikionyesha nani aliruhusiwa kuingia kwa mlango gani.

Na kwenye nguzo ile ya Askari wametajwa wapagazi, watu waliobeba mizigo ya vita ile vichwani kutoka pwani hadi ziwani. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Juu ya nguzo wamemweka askari peke yake na bunduki yake. Ukitaka alama ya wapagazi uvuke uwanja wa Mnazi Mmoja uende Kariakoo, mahali palipokuwa kambi yao. Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yangu.

Chukua ratiba ya kawaida ya matembezi ya mji huu na uichore kwenye ramani. Inaanzia Sanamu ya Askari, inashuka Mtaa wa Samora hadi mitaa ya bandarini, inapita Azania Front na Kivukoni, inaizunguka Ikulu kwa mbali, inaingia Makumbusho na bustani za mimea zilizoanzishwa na Mjerumani Stuhlmann mwaka 1893, inamalizikia Ocean Road. Sasa chukua ramani ya mji wa kikoloni uiweke juu yake. Sheria za ujenzi za Wajerumani, kisha za Waingereza, ziliugawa mji kwa kanda tatu. Ya kwanza, upande wa bahari ya mashariki, ilikuwa ya nyumba za aina ya Kizungu. Ya pili ilikuwa ya biashara, ambako Wahindi walijaa. Ya tatu, Kariakoo na kuendelea, ilikuwa ya Waafrika. Sheria haikulazimika kutaja rangi ya ngozi. Ilitaja vifaa vya kujengea na viwango vya nyumba, na mfuko wa mtu ukamaliza yaliyobaki. Katikati, kuwatenganisha hao wa mwisho na wengine, ukaachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Wazee wetu waliyaita maeneo hayo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila mtu alijua jioni ikiingia awe wapi.

Ratiba ya matembezi yetu ya leo inatembea ndani ya kanda ya kwanza, ikichungulia ya pili, na kugeuza kabla ya Mnazi Mmoja. Zaidi ya miaka 60 baada ya Uhuru bado tunamtembeza mgeni katika mpaka uliochorwa na mkoloni, na tunauita mpaka huo urithi wetu.

Kilichobaki ng'ambo ya uwanja ni nini? Mtaa wa Lumumba, ambako katika nyumba ya chama cha Waafrika iliundwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Soko la Kariakoo la miaka ya 1970, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, lenye paa la zege lililofunguka juu kama miavuli. Na zaidi ya yote, ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kwa ajili ya jiko na kisima na maneno ya wanawake. Nyumba hizo ndizo zilizopokea mtu aliyeshuka kutoka bara akiwa na kisanduku cha bati, ndizo zilizolea vilabu vya mpira, madrasa, taarabu na siasa. Zimevunjwa mtaa baada ya mtaa, na ghorofa za maduka zimepanda mahali pake. Sijasikia semina hata moja iliyozililia. Hazikuwa na minara, na mtalii hakuwa akizipiga picha. Hivyo ndivyo kipimo cha kivutio kinavyofanya kazi: kinaokoa alichojenga gavana na kuacha alichojenga mpagazi.

Wa "masalia ya mkoloni" asidhani nimemsahau. Namuuliza: hizo nyumba za Uhindini, za ghorofa mbili au tatu, zenye roshani za mviringo na jina la familia na mwaka vilivyochongwa juu kabisa, ni za mkoloni yupi? Zilijengwa na wenye maduka, chini biashara, juu watoto. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba. Hadi leo kuna watu wazima wanaosema wanakaa nyumba ya Msajili, ingawa tangu 1990 ziko mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mji wa kale wa Dar es Salaam ni mali ya umma wa Tanzania, kisheria, kwa hati. Kuiita ya mkoloni ni kutojua mali yako. Na mawe ya hayo makanisa na ofisi za Kivukoni hayakuchongwa na maafisa kutoka Berlin. Yalikatwa, yakachomewa chokaa na kupandishwa na mafundi na vibarua wa pwani hii, wengine kwa ujira, wengine kwa kulazimishwa. Ukivunja unafuta kazi yao kabla ya jina la Mjerumani, kwa sababu la Mjerumani limeandikwa vitabuni na lao halikuandikwa.

Kuna jambo la joto pia, ambalo mkandarasi hapendi kulisikia. Kuta nene, dari ndefu, varanda zinazokinga jua lisiguse ukuta, madirisha yanayotazamana ili upepo wa bahari upite: hayo yalikuwa maarifa ya Waswahili na Waarabu kabla ya kunakiliwa na wageni. Mnara wa vioo unaotazama magharibi saa tisa alasiri mwezi wa Februari ni tanuri, na kinachoufanya ukalike ni kiyoyozi. Umeme ukikatika, jenereta. Jenereta ikikosa mafuta, wafanyakazi wote wako ngazini. Na si kila ghorofa linalopanda ni maendeleo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36, hatua chache kutoka nyumba za zamani ambazo hadi siku hiyo zilikuwa zikiitwa hatari kwa uzee.

Najua nitakachoulizwa: bila fedha za watalii, ukarabati utalipwa na nani? Na wapangaji. Nyumba za Shirika zina maduka, ofisi za mawakili, kliniki, migahawa na familia; zinalipa kodi kila mwezi, na kodi hiyo ndiyo ya kwanza kupaswa kurudi kwenye paa. Sasa wizara zimehamia Dodoma, na ofisi zilizoachwa Kivukoni zitahitaji watu. Wapeni vyuo, maktaba ya jiji, mahakama, wachapaji vitabu. Mgeni akipita akatazama, karibu yake. Atakuwa anaona mji wenye watu, na yeye mwenyewe hicho ndicho alichokuja kutafuta kama angeulizwa. Lakini asiwe yeye wa kuamua kipi kibaki.

Anayepaswa kuamua amefungwa mikono na tarehe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalipa jengo ulinzi wa moja kwa moja ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Boma la Kale, ambalo ni miongoni mwa majengo makongwe kuliko yote yaliyosimama Posta, limechelewa kwa miaka mitatu. Kwa hiyo katikati yote ya Dar es Salaam, kuanzia Kivukoni hadi Lumumba, jengo hulindwa pale tu waziri anapolitangaza moja moja kwenye Gazeti la Serikali, na lisilotangazwa linaweza kuamka na mabati ya kuzungushia ujenzi. Wabunge wa Dar es Salaam, kwa nafasi yenu, pelekeni bungeni marekebisho ya mwaka huo wa 1863. Wekeni kwamba nyumba yoyote iliyofikisha miaka 70, iwe ya gavana, ya Mhindi mwenye duka au ya bibi wa vyumba sita, isivunjwe kabla wakazi wa mtaa wake hawajasikilizwa hadharani. Na orodha ya kwanza itakapoandikwa, ianzie Kariakoo.